CHESISI NI YAO, NGANYA NI YETU
(Somo kuhusu michezo ya video na vijana wanaoibadilisha)

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituagiza mwaka huu kila mmoja aandike somo juu ya jambo analolijua kuliko mwalimu wake. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilijua papo hapo nitaandika nini. Kuna jambo moja ninalolijua vizuri, na liliniletea aibu kabla ya kuniletea faida. Jambo lenyewe ni michezo ya video, na hasa wale vijana wanaoichukua michezo ya makampuni makubwa na kuigeuza iwe ya kwao.

Mfano wa matatu

Sisi wana wa Eastlands hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa somo hili. Simama stendi ya Umoja asubuhi uyaangalie magari yanayoingia. Mengi yana chesisi na injini ya Isuzu. Magari ya Isuzu huunganishwa hapa hapa Nairobi, katika kiwanda kilichojulikana kama General Motors hadi mwaka 2017, kisha kikaitwa Isuzu East Africa. Lakini hebu niambie, ni nani aliyewahi kuliacha gari moja lipite na kungoja jingine kwa sababu ya chesisi? Watu wanangoja nganya! Bodi imeundwa na mafundi wetu, michoro ni ya kijana wa mtaa, na taa na muziki vimefungwa na fundi mwingine. Kanuni za matatu zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano na michoro ikapigwa marufuku. Hata hivyo sanaa hiyo haikufa. Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena mwaka 2014, rangi zilirudi kwa kishindo.

Basi hivyo ndivyo modi ilivyo. Modi ni mabadiliko yanayofanywa na mchezaji ndani ya mchezo ulioundwa na mtu mwingine. Kampuni imetoa chesisi, mchezaji anaunda nganya.

Mambo haya yalianza vipi?

Kubadilisha mchezo si jambo geni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kampuni inayolimiliki. Hata mtoto akihama Kaloleni kwenda Kayole, itambidi ajifunze upya sheria za bano na za kati, kwani kila mtaa una zake. Wenye mchezo ni wachezaji.

Michezo ya kompyuta ilikuja na mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 1993 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo id Software ilitoa mchezo wa Doom na ikafanya jambo la busara. Iliitenga injini ya mchezo na picha, sauti na ramani zake. Vitu hivyo viliwekwa katika faili za peke yake, kwa hiyo mchezaji aliweza kuingiza ramani yake bila kuigusa injini. Ni kama kubadilisha viti vya matatu bila kufungua boneti.

Mlango ulipofunguliwa, vijana waliingia. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitoa modi ya mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve. Modi hiyo ndiyo Counter-Strike. Valve iliinunua na kuwachukua kazini, na mwaka 2000 ikauzwa kama mchezo kamili. Wachezaji wengine waliuchukua Warcraft III wa kampuni ya Blizzard, wakaunda ndani yake modi ya Dota. Blizzard haikuuona utajiri uliokuwa nyumbani kwake. Ni kampuni ya Valve iliyokuja kutoa Dota 2 mwaka 2013. Sasa sikiliza kilichofuata. Blizzard ilipotoa toleo jipya la Warcraft III mwaka 2020, iliandika katika masharti yake kwamba chochote ambacho mchezaji ataunda humo ni mali ya kampuni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wakubwa nao wanazidi kumezana. Minecraft ulianzishwa na mtu mmoja wa Sweden, Markus Persson, mwaka 2009. Miaka mitano baadaye kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 2023 Microsoft hiyo hiyo ilimaliza kuinunua kampuni iliyoimiliki Blizzard, kwa karibu dola bilioni 69. Samaki mkubwa humla mdogo, naye mkubwa ana wa kumla.

Je, hapa kwetu?

Kenya pia ina mafundi wa michezo, tena si wa jana. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta wenye shujaa wa kike aitwaye Nyangi. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha studio ya Leti Arts, Accra na Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na Ma3Racer, mchezo wa simu ambao ndani yake unaendesha matatu katika barabara za Nairobi. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na studio yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, mchezo ambao wavamizi kutoka anga za juu wanaishambulia Nairobi yetu.

Hawa ndio tunaowaita waundaji huru, watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Kazi yao ni ngumu, na ugumu wenyewe unahesabika. Anayetaka kuuza mchezo wa kompyuta kupitia duka la Steam hulipa dola 100 kwa kila mchezo, kisha duka hukata asilimia 30 ya mauzo. Kwa hiyo mchezo ukiuzwa shilingi 1,000, shilingi 300 ni za mwenye duka. Kwa simu, Google hudai dola 25 za kujiandikisha mara moja. Mwaka 2021 ilipunguza makato yake hadi asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza kila mwaka, baada ya waundaji kulalamika kwa muda mrefu. Isitoshe, hata injini yenyewe ni ya wenyewe. Mwezi wa Septemba 2023, kampuni ya Unity ilitangaza kwamba itatoza ada kila mchezo unapowekwa kwenye kifaa, mchezo ukishapita kiwango fulani. Waundaji wa dunia nzima walipiga kelele, na mwaka uliofuata kampuni ikaifuta ada hiyo. Hebu fikiria umeshajenga nyumba, halafu mwenye kiwanja anakuja kudai kodi ya kila mgeni anayeingia!

Ndiyo maana vijana wengi wa mtaani huanza na modi. Modi haihitaji studio. Inahitaji simu, bando na uvumilivu.

Kisa changu

Sasa nije kwa aibu niliyoitaja. Kuna mchezo wa mabasi wa simu uitwao Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017. Mchezo huo humruhusu mchezaji kuweka rangi na michoro yake kwenye basi. Michoro hiyo tunaiita skini. Vijana wa Kenya wameuvamia mchezo huo kwa nganya zetu hadi ukicheza unasahau kuwa barabara ni za Indonesia.

Kutengeneza skini ni kama kazi ya cherehani. Unapewa picha bapa iliyo na pande zote za basi zikiwa zimetandazwa: mbele, nyuma, kulia, kushoto na paa. Unachora juu yake, kisha mchezo unaivika basi picha hiyo kama gauni. Ukikosea kipimo, jicho la simba linatokea kwenye mlango.

Mwaka jana, muhula wa pili, nilipiga picha nganya moja ya mtaa wetu yenye simba mkubwa ubavuni. Kwa simu ya dada yangu nikaikata, nikaipanga, nikaipamba. Saa mbili tu, kazi kwisha. Kwenye kioo cha nyuma nikaandika herufi za jina langu. Niliwatumia wenzangu wa darasani bure, nao wakawatumia wenzao. Nilitembea shuleni kama jogoo.

Baada ya majuma mawili hivi nilimkuta kijana nisiyemjua akiucheza mchezo huo kwenye banda moja la PS, akiendesha basi langu. Simba ni yule yule, lakini kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na jina la mtu mwingine, pamoja na namba ya kumtumia shilingi 50 ukitaka skini! Damu ilinichemka.

"Buda, hiyo ni kazi yangu!" nikamwambia.

"Kwani jina lako liko wapi?" akaniuliza bila hata kugeuka.

Nililalamika kila mahali. Nililalamika hata kwa kondakta wa ile nganya, ambaye ni jirani yetu. Naye akaenda kumsimulia aliyemchora yule simba. Jumamosi nikaitwa gereji. Nilienda nikidhani nimepata mtetezi.

Yule mchoraji alikuwa amekaa kwenye mtungi wa rangi, mikono imejaa buluu hadi kwenye viwiko. Aliitazama simu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kijana, huyu simba alinichukua siku nne. Wewe ulitumia muda gani?"

"Saa mbili, fundi."

"Sawa. Na jina langu liko wapi?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Lilikuwa swali lile lile nililokuwa nimelitangaza mtaa mzima, sasa limenirudia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ni mali ya nani?

Nilipotoka pale nilianza kusoma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda michoro na programu za kompyuta pia. Haki hiyo huanza pale kazi inapotengenezwa. Si lazima kwanza uisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, ingawa usajili husaidia kutoa ushahidi. Tena mwenye kazi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi.

Kwa hiyo katika skini yangu moja kulikuwa na watu watatu. Basi na mchezo ni vya kampuni, simba ni wa mchoraji, na mimi ni fundi cherehani niliyevika. Aliyefuta jina langu alinikosea. Lakini mimi nilimkosea mchoraji kwanza, na hata kampuni sikuwa nimeyasoma masharti yake. Tumezoea kulaumu makampuni makubwa kwamba yanachukua jasho la wachezaji, na ni kweli mengine yanachukua. Lakini sisi wadogo tukichukuliana vivyo hivyo, tutakuwa na haki gani ya kupaza sauti?

Nilitengeneza toleo la pili lenye jina la mchoraji ubavuni, chini ya simba, na langu nyuma, dogo. Alilikubali. Lile la kwanza bado linazunguka bila jina lake na siwezi kulirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila siku hizi kabla hajapaka gari rangi, hunituma nimchoree mpango kwenye simu ili mwenye gari aone kwanza, na hunilipa.

Mafunzo

Kwanza, omba ruhusa kabla ya kuchukua kazi ya mtu, hata kama inapita barabarani ikionekana na wote. Pili, andika majina ya wote waliohusika. Tatu, soma masharti ya mchezo, maana huenda unamjengea mwingine nyumba. Nne, jifunze zana zisizo na mwenyewe wa kukufukuza. Godot, iliyoanzia Argentina, ni injini huria tangu mwaka 2014, na Blender ya kuchorea maumbo ni huria tangu mwaka 2002. Zote ni bure. Aliyeanza na modi na awe na siku ya kuunda mchezo wake mwenyewe, ambao ndani yake barabara pia ni za Nairobi.

Mimi naendelea kujifunza Godot. Kufikia sasa nina barabara moja, stendi moja, na matatu isiyokubali kupiga kona. Haba na haba hujaza kibaba.

Msamiati

Modi: mabadiliko yanayofanywa na mchezaji katika mchezo wa mwingine.
Injini ya mchezo: programu inayoendesha mchezo, kama mwendo, mwanga na kugongana kwa vitu.
Skini: picha inayovikwa umbo ndani ya mchezo.
Programu huria: programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma na kuibadilisha.
Muundaji huru: anayeunda michezo bila kuwa chini ya kampuni kubwa.

Maswali ya mjadala

1. Je, picha iliyochorwa kwenye matatu ni ya mchoraji, ya mwenye gari au ya umma? Toa sababu.
2. Kampuni ikimruhusu mchezaji kubadilisha mchezo wake, nani afaidike na mabadiliko hayo?
3. Taja mchezo wa watoto wa mtaani kwenu ambao sheria zake ni tofauti na za mtaa mwingine. Ungependa uwe na mwenyewe?