Dawa za Kutuliza Maumivu na Kinga ya Mwili Baada ya Upasuaji

Mgonjwa anayetoka katika chumba cha upasuaji hukabiliwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: maumivu ya jeraha, na hatari ya viini vya maradhi kupenya katika jeraha hilo. Baadhi ya dawa zinazotuliza maumivu huweza pia kudhoofisha chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Je, ni heri mgonjwa avumilie maumivu ili kinga yake isipungue?

Maumivu hudhuru kinga

Nyama ya mwili inapokatwa, seli zilizojeruhiwa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi huzifanya ncha za neva kuwa nyepesi kusisimka, na habari za maumivu hupita katika uti wa mgongo hadi kwenye ubongo. Ubongo nao huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli katika damu. Kotisoli ikizidi, chembechembe nyeupe hupungukiwa na nguvu, zikiwamo zile ziuazo seli zenye virusi na seli za saratani. Aidha, mgonjwa aliyepasuliwa tumbo au kifua huogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Makohozi hubaki mapafuni, na nimonia huweza kufuata.

Jinsi dawa zifanyavyo kazi

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Ugunduzi huo ulifanywa na John Vane wa Uingereza mwaka 1971, naye alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Lignokaini huzuia habari zisipite katika neva. Mofini, ambayo Friedrich Sertürner wa Ujerumani aliitenga kutoka katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, hushika vipokezi maalumu vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, na habari za maumivu hupunguzwa nguvu.

Katika maabara imeonekana kwamba mofini hupunguza uwezo wa chembechembe nyeupe kumeza bakteria. Kwa kutazama jambo hilo peke yake, mtu angesema kwamba mofini haifai kwa mgonjwa aliyepasuliwa.

Ushahidi wa majaribio

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, akiwamo John Liebeskind, walichapisha jaribio lililofanywa kwa panya. Panya waliopasuliwa tumbo na kuingizwa seli za saratani katika damu walipata uvimbe mwingi zaidi mapafuni kuliko wasiopasuliwa. Lakini waliopasuliwa na kupewa mofini walipata uvimbe mchache kuliko waliopasuliwa bila mofini. Dawa ile ile iliyoshukiwa kuivunja kinga ilimkinga mnyama, kwa kuwa madhara ya upasuaji na maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko madhara ya dawa.

Hata hivyo, panya si binadamu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 2,000 waliopasuliwa saratani ya matiti. Waliozuiwa maumivu kwa kutiwa ganzi kwenye neva, na waliopewa dawa za jamii ya mofini, hawakutofautiana katika kurudiwa na saratani.

Hitimisho

Kumwacha mgonjwa katika maumivu si njia ya kulinda kinga yake. Lililo muhimu ni kipimo cha dawa. Kwa sababu hiyo madaktari huchanganya dawa za makundi mbalimbali, ili mofini itumike kwa kiasi kidogo kinachotosha.

Maswali

1. Eleza njia mbili ambazo maumivu huongeza hatari ya maambukizo baada ya upasuaji.
2. Kwa nini matokeo ya maabara peke yake hayatoshi kuamua matumizi ya mofini?
3. Katika jaribio la mwaka 1993, panya wasiopasuliwa walihitajiwa kwa sababu gani?