Wadhamini Watatu Unawatoa Wapi?

Fungua matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira, ushuke mpaka kwenye masharti. Mwombaji anatakiwa ataje wadhamini watatu wa kuaminika. Wengi wetu tunaanza kuwatafuta wiki hiyo hiyo, halafu tukikosa tunasema ajira siku hizi ni koneksheni tu.

Undugu upo, sibishi. Ila mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Karibu 17 tu kati ya 100 walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana mara moja moja. Ukifikiria inaeleweka: mwenzako wa hosteli anajua yale yale unayoyajua wewe.

Sisi wa ualimu watu hao wa mbali tunawapata BTP. Mimi nilipangiwa sekondari moja wilayani Iramba, huku Singida. Mwalimu wa taaluma alikuwa mama asiye na maneno mengi, na wanachuo walimkwepa kwa sababu anakagua andalio la somo mstari kwa mstari. Nikawa nampelekea la kwangu kabla hajaliulizia. Vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, niliomba nikae nyuma nisikilize. Siku ya kuondoka nilimwachia ramani ya mvua za Tanzania niliyoichora kwenye kiroba. Sikumwomba kitu.

Baada ya hapo ni meseji mbili tatu kwa muhula. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka: "Shikamoo mwalimu, hongereni, nimeona Jiografia imepanda." Msimu wa alizeti namuulizia shamba. Zile picha za maua za "asubuhi njema" kila siku achana nazo, zinachosha watu.

Miaka miwili imepita hivyo. Mwezi uliopita kapiga yeye: shule jirani inatafuta mwalimu wa kujitolea wa Jiografia, je, awatajie jina langu? Nikaitumia simu hiyo hiyo kumwomba awe mdhamini wangu, maana jina la mtu haliandikwi bila ruhusa yake. Akacheka, akasema niandike.

Nafasi yenyewe bado haijajibiwa. Lakini atakayempigia kuniulizia ataelezwa kazi aliyoiona kwa macho yake. BTP ya mwisho ni Julai, na mimi nimebakiza wawili.