Je, Mwenzako Anajua Akiba Yenu Iko Wapi?

Miaka michache iliyopita mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa hapa Garissa baada ya Misa ya kwanza. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa Kitui. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu, alikuwa amelazwa hospitalini na hakuweza kusema vizuri. Mama huyo alijua kwamba mumewe si mlevi wala mtu wa kutapanya mshahara. Alijua pia kwamba kuna akiba mahali fulani, kwa maana waliwahi kuongea juu ya kujenga. Lakini aliponionyesha simu ya mumewe, iliyofungwa kwa namba ya siri, aliniambia: “Katekista, pesa tunazo. Zimo humu ndani. Mimi sijui ziko ngapi wala ziko kwa nani.”

Tulichangisha katika jumuiya, dawa zikanunuliwa, na kwa neema ya Mungu mume akapona. Hata hivyo maneno ya mama yule hayakunitoka. Zamani baba alikuwa na kitabu cha benki, na kitabu kilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hata mama asiyejua kusoma alijua sanduku liko wapi. Siku hizi kitabu kimeingia katika simu, na simu inalala mfukoni mwa mtu mmoja.

Sisemi kwamba simu ni mbaya. Kwa watu wa Kaskazini Mashariki ni msaada mkubwa. Wengi wetu tunafanya kazi hapa na familia ziko mbali. Ndiyo maana wenyeji hututania kwamba mwisho wa mwezi tunakwenda “Kenya”, kana kwamba Garissa ni nchi nyingine. Tena makaratasi hupotea. Januari 2020, baada ya walimu 3 kuuawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kaunti hii kwa haraka. Mtu anayeondoka hivyo huchukua watoto na nguo, hachukui faili. Kumbukumbu iliyo kwenye mtandao, kinyume chake, unaikuta popote uendako.

Tutazame basi mambo ambayo mume na mke wanaweza kuyafuata kwa simu leo. Tangu mwaka 2023, Benki Kuu ya Kenya ina mtambo unaoitwa DhowCSD. Kwa njia ya tovuti au programu ya simu, raia wa kawaida hufungua akaunti, akainunua dhamana ya serikali, akaona imebaki siku ngapi na riba italipwa lini. Si lazima tena kwenda Nairobi kupanga foleni. Kiwango cha kuanzia ni shilingi 50,000. Hapo msomaji mpya asishtuke: hati za muda mfupi, yaani za siku 91, 182 au 364, hununuliwa kwa bei iliyo chini ya ile iliyoandikwa, na siku ya mwisho unalipwa kiasi kamili kilichoandikwa, ukiondoa kodi. Kwa hiyo simu ikionyesha 100,000, haina maana kwamba mmeweka 100,000, na wala si pesa za kutumia kesho. Wenye kipato kidogo zaidi wana mifuko ya soko la fedha, ambayo mingine hupokea hata shilingi 100, na faida yake huonekana ikipanda siku kwa siku. Nayo haikai mahali pamoja, hupanda na kushuka kadiri ya riba ya nchi.

Lakini kwa walimu, wauguzi na askari ninaowafahamu, akiba kubwa haiko huko. Iko katika chama cha akiba na mikopo, yaani sacco. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndoa nyingi zinapoumia bila kelele.

Mwalimu wetu yule alipopata nafuu, mkewe alimwomba jambo moja tu: wafungue simu pamoja. Wakaomba taarifa ya akaunti ya sacco. Akiba ilikuwapo, tena nzuri. Ila sehemu yake kubwa ilikuwa imefungwa. Mwalimu alikuwa amewadhamini wenzake wawili walipochukua mikopo. Mmoja wao alihamishwa, akaacha kulipa, na chama kikaanza kudai kwa wadhamini, kama sheria za vyama hivi zinavyoruhusu. Mwalimu mwenyewe hakuwa akijua. Ujumbe ulikuwa umefika katika simu yake, naye akaufuta akidhani ni matangazo. Mke alilia, si kwa ajili ya zile pesa tu. “Ulitia sahihi nyumba yetu,” alisema, “na mimi nilikuwa nakaa ndani yake.”

Kisha wakaona jambo la pili. Katika fomu ya mrithi, aliyeandikwa alikuwa kaka yake. Hapakuwa na ubaya wowote. Alijaza fomu hiyo akiwa kijana asiye na mke, mwezi wa kwanza wa kazi, na tangu hapo hajaigusa. Ninyi mliooa au kuolewa baada ya kuajiriwa, nawaomba msimalize mwezi huu bila kuitazama fomu hiyo. Simu peke yake haitoshi kwa jambo hili. Pengine itawabidi kwenda ofisini na kujaza upya.

Nisijifanye mwema kuliko mwalimu. Mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, mimi nilikuwa nimeoa juzijuzi. Mke wangu alitaka tununue mabati. Mimi nilisikiliza rafiki zangu, nikaomba hisa kwa siri. Waombaji walikuwa wengi mno, hivyo nikapewa sehemu tu ya nilizoomba. Mwanzoni mwa mwaka 2009 bei ikawa chini ya shilingi 3. Nilifunga karatasi ndani ya kamusi, nikanyamaza. Miaka ilipita, nikahama anwani, nikafunga na ile akaunti ya benki niliyoiandika. Siku moja binti yetu alitafuta neno katika kamusi, karatasi ikaanguka mbele ya mama yake.

“Baba Anna,” aliniuliza kwa upole ulioniumiza, “hizi ni zetu au ni zako?”

Tulifuatilia pamoja. Hisa zilikuwa salama katika kumbukumbu ya kompyuta, na wakati huo bei ilikuwa imezidi mara kadhaa ile niliyonunulia. Hasara niliyoificha ilikuwa imekwisha zamani bila mimi kujua! Gawio la miaka mingi, hata hivyo, halikunifikia kwa sababu ya anwani ya zamani. Mali ya namna hiyo, isipodaiwa kwa muda uliowekwa na sheria ya mwaka 2011, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kuitafuta jina katika tovuti na kuidai. Hisa hizo hizo zilipita shilingi 40 mwaka 2021, tena zikashuka chini ya 15 mwaka 2023. Nasimulia hayo ili msije mkaanza kutazama bei kila asubuhi na kununiana mezani. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Sisi nyumbani tumechagua Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, watoto wakilala. Mwenye simu anafungua, mwenzake anaandika katika daftari la shule: jina la chama au mfuko, namba ya uanachama, kiasi kilichopo, tuliowadhamini, mrithi aliyeandikwa, tarehe. Tunatumia daftari kwa sababu simu huibiwa, na kwa sababu sehemu za mpakani minara imewahi kushambuliwa na mtandao ukapotea. Mume na mke walio mbali wanaweza kufanya hivyo kwa kupigiana, kila mmoja na daftari lake.

Wengine huniuliza: je, nimpe mwenzangu namba ya siri? Hapa wanandoa wema wanatofautiana. Mimi sioni kwamba ni kipimo cha upendo, na benki zenyewe hukataza kumpa mtu yeyote namba hiyo. Ninachodai ni kwamba mwenzako ajue kilichopo na mahali kilipo, ili siku ya shida ajue aende ofisi gani na vyeti gani. Wala tusidanganyane kwamba wenye siri ni waume pekee. Nimeona akina mama wenye chama cha tatu ambacho baba hajawahi kukisikia.

Jambo moja tena. Wapo matapeli wanaotengeneza programu inayoonyesha pesa zenu zikiongezeka kila siku, na mkitaka kutoa mnaambiwa lipeni kwanza. Tarakimu kwenye kioo si ushahidi. Kabla ya kuweka hata shilingi, tazameni kama kampuni imo katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Yule asiyependa mtu mwingine aone, mwenzake, huwa ndiye rahisi kunaswa, kwa kuwa hana wa kumwuliza.

Jirani yangu hapa ni mfugaji Msomali, naye hataki habari za riba. Lakini jioni ngamia na mbuzi wanaporudi, huhesabu kwa sauti, na mkewe akiwa mlangoni humsahihisha akikosea.

Kwa mazungumzo ya nyumbani wiki hii: ni akiba gani ambayo mmoja wenu hajawahi kuiona kwa macho? Ni nani mliyemdhamini, na mara ya mwisho mlisikia lini kwamba analipa? Jina la nani limo katika fomu ya mrithi, na liliandikwa mwaka gani?