Sangala: Kutoka Ziwani Hadi Mizani ya Chama
(Somo kwa vikundi vya masomo vya vyama vya msingi)

Mkazi wa Nsemulwa anunuaye kipande cha sangala katika soko la Mpanda hununua samaki aliyekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 100, kutoka mialo ya Karema au Ikola, kupitia barabara ya milima na misitu ya miombo. Samaki huyo amepita mikononi mwa mvuvi, mpasuaji, mpakiaji, dereva na mchuuzi. Kila mmoja kati ya hao ama amemhifadhi ama amemharibu. Chama cha msingi kinachotaka kuingia katika biashara hii kwa niaba ya wanachama wake hakina budi kuzifahamu kazi hizo zote, hata kama katibu wake hajawahi kukanyaga mtumbwi. Vyama vingi huanza kwa kununua mizani na sanduku la fedha, kisha hushangaa mwisho wa mwezi hesabu inapokataa kulingana.

Kwanza yafaa samaki mwenyewe ajulikane. Jamaa ya sangala katika Ziwa Tanganyika ni aina nne, na zote nne hazipatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Mdogo wao ni mgebuka, ambaye ndiye anayejulikana zaidi mezani. Watatu wengine ni wakubwa: aina mbili ambazo aghalabu huitwa sangala kwa jumla, na mmoja mwenye magamba madogo ambaye wavuvi wengi humwita nonzi. Ndugu yao wa Ziwa Victoria ni sangara, ambaye hakuwamo katika ziwa hilo tangu asili bali alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Majina haya mawili, sangala na sangara, yanakaribiana mno, na mnunuzi asiye mwangalifu aweza kuandikiwa moja katika stakabadhi akapewa jingine. Chama kiandike jina la samaki pamoja na jina la ziwa alikotoka.

Mgebuka hufuata dagaa, na dagaa hufuata taa. Kwa sababu hiyo huvuliwa usiku wa giza la mwezi, kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja na wavu mkubwa unaoinuliwa kutoka chini. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na nguvu ya jua. Sangala mkubwa ana tabia nyingine. Yeye hukaa kwenye maji ya kina, karibu na miamba na sakafu ya ziwa, akivizia samaki wadogo. Hata hivyo hawezi kushuka mno, kwa kuwa Ziwa Tanganyika, ingawa lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kabisa, lina hewa ya kumtosha samaki katika tabaka la juu tu, ambalo kwa upande wa kusini halizidi sana mita 200. Chini ya hapo hakuna samaki aishiye. Basi mvuvi wa sangala hutega kando kando ya miteremko ya mawe, ama kwa mshipi wenye chambo cha samaki mdogo, ama kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ama kwa nyavu za kutega zenye matundu makubwa.

Chombo alichovuliwa nacho samaki si jambo la mvuvi peke yake, bali lamhusu pia mpokeaji wa chama. Samaki wa ndoana aghalabu hupandishwa akiwa hai, akauawa mara moja kwa pigo la kichwa na kutolewa damu. Samaki wa wavu huenda alinaswa saa mbili za usiku akafa humo majini, na wavu ukaja kuvutwa alfajiri. Wote wawili hufika mwaloni saa ile ile ya asubuhi, wote wakiwa wamelowa na kung'aa. Lakini mmoja amekufa saa moja iliyopita, na mwingine amekaa maiti saa tisa katika maji ya vuguvugu, huku damu imeganda mwilini. Mpokeaji aulize, na asiporidhika na jibu, afunue matamvua, yaani yale mashavu mekundu ya kupumulia, aone mwenyewe. Yakiwa mekundu na hayana utelezi mzito, samaki ni mbichi. Yakiwa ya kahawia na yananuka, ni heri gari lirudi Mpanda tupu.

Hapa pana tahadhari ambayo mafunzo mengi ya kawaida huisahau. Watu hufundishwa kwamba samaki mbichi ana macho yaliyojaa na kutokeza. Kanuni hiyo ni njema kwa samaki wengi, lakini sangala aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hupanuka hewa iliyomo tumboni mwake. Macho yake hutokeza, na pengine tumbo hujitokeza mdomoni. Kwa hiyo macho yake yaweza kutokeza hata kama ameanza kuharibika. Tazama mboni kama ni nyeusi na angavu, bonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi, na zaidi ya yote tumia pua.

Katika kumpasua, kazi ianzie kwenye usalama wa mpasuaji. Sangala ana miiba mikali katika pezi la mgongoni na mwiba mwingine kwenye kifuniko cha shavu, na mikono mingi imetoboka kwa kumshika vibaya. Ashikwe kwa kitambaa au glovu, kichwa kikielekea upande wa mkono usioshika kisu. Kisu kiwe kikali, maana kisu butu ndicho kikatacho watu. Tumbo lipasuliwe kuanzia tundu la haja kuelekea kidevuni, ncha ya kisu ikielekea juu ili isitoboe matumbo. Matumbo na matamvua yatolewe pamoja kama inawezekana. Nyongo isipasuke, ikipasuka, nyama iliyoguswa huwa chungu na huoshwa papo hapo. Kisha, na hapa ndipo wavivu wengi hukomea, ikatwe ile ngozi nyembamba iliyo kando ya uti wa mgongo, na damu nyeusi iliyolala chini yake ikwanguliwe yote kwa kijiko au ukucha wa kisu. Damu hiyo ndiyo huoza kwanza. Samaki aliyetolewa matumbo lakini akaachiwa damu ya mgongoni huanza kunuka kutoka ndani, na mnunuzi hujua akiwa tayari nyumbani.

Maji ya kuoshea yasichotwe pale wanapofulia na kuogea watu, wala pale matumbo yanapotupwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini maji machafu hurudisha ndani ya tumbo la samaki uchafu ule ule ulioondolewa.

Baada ya kuoshwa ni barafu, na barafu haina mbadala kwa samaki mbichi. Katika nchi yetu ya joto kipimo kinachofaa ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Barafu ichukuliwe Mpanda wakati wa kushuka, katika sanduku linalozuia joto. Isitegemewe kupatikana ufukweni. Ipondwe, itandazwe chini, ijazwe ndani ya tumbo la kila samaki, na samaki alazwe tumbo likielekea chini ili maji yanayoyeyuka yatoke. Sanduku liwe na tundu la kutolea maji hayo, kwani samaki aliyeogelea katika maji ya barafu yaliyochanganyika na damu hapati faida yoyote. Sangala aliyesafishwa na kufunikwa vizuri kwa barafu aweza kukaa hata wiki mbili. Asiye na barafu, katika joto la mchana, huharibika siku ile ile.

Sasa tuje kwenye mizani, mahali ambapo vyama vimevunjika na makatibu waaminifu wameitwa wezi. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba chama kimenunua mwaloni kilo 400 za sangala wasiopasuliwa kwa shilingi 6,000 kwa kilo. Fedha iliyolipwa ni shilingi 2,400,000. Bei ya kuuzia Mpanda ni shilingi 7,500. Mwanachama anayepiga hesabu haraka mkutanoni husema: ziada ni shilingi 1,500 kwa kila kilo, mara 400, basi chama kina shilingi 600,000. Lakini samaki walipasuliwa. Matumbo, matamvua na damu vilitupwa, na zilizofika Mpanda ni kilo 344. Mauzo ni shilingi 2,580,000. Ziada ya kweli ni shilingi 180,000, na humo bado hujalipa gari, barafu, ushuru wala ujira wa mpasuaji. Kilo 56 zimekwenda wapi? Katibu asiye na daftari la kupasulia hana la kujibu, na mkutano unamhukumu.

Dawa inayopendekezwa na wengi ni kununua samaki waliokwisha kupasuliwa. Dawa hiyo ni nzuri, lakini yaweza kuwa dhuluma. Iwapo chama kitamlipa mvuvi shilingi zile zile 6,000 kwa kilo 344, atapokea shilingi 2,064,000 badala ya 2,400,000. Yaani mzigo wote wa upungufu umetupwa mgongoni mwake, na kazi ya kupasua ameifanya bure. Bei ya haki kwa samaki aliyepasuliwa katika mfano huu inakaribia shilingi 7,000. Kwa bei hiyo, na kwa bei ya kuuzia ya shilingi 7,500, safari haimudu gharama zake. Bodi ya chama ilipaswa kulijua hilo kabla gari halijawashwa, na ama kutafuta bei nyingine ya kuuzia ama kuacha safari.

Wala upungufu huo wa kilo 56 usichukuliwe kuwa kanuni. Hutofautiana kwa ukubwa wa samaki, kwa mayai aliyobeba na kwa chakula alichomeza. Njia ya uhakika ni chama kupima chenyewe: chukua samaki 10, wapime wakiwa wazima, wapasue mbele ya mashahidi wawili, wapime tena, andika tarehe na majina, kisha rudia kila msimu. Karatasi hiyo moja itamlinda katibu kuliko kiapo. Na chama kikiuza minofu mitupu, hesabu iwe kali zaidi, maana minofu ya samaki wa jamii hii ni pungufu ya nusu ya uzito wake mzima. Vichwa na mifupa, vile ambavyo watu wa Mwanza huviita mapanki, navyo vina wanunuzi na lazima viandikwe.

Kuna kitu kingine kisichoandikwa, nacho ni bondo, ule mfuko wa hewa ulioshikamana na uti wa mgongo. Katika Ziwa Victoria bondo la sangara lililokaushwa lina bei kubwa kupita minofu kwa kilo, kwa kuwa hununuliwa na wafanyabiashara wa Asia ya Mashariki. Popote mnunuzi wa mabondo anapotokea, swali huzuka: bondo ni la nani? Mpasuaji husema ni takataka za kazi yake. Mvuvi husema hakuliuza. Chama husema kimenunua samaki mzima. Neno hili liamuliwe katika mkutano mkuu na kuandikwa, kabla mfuko wa kwanza haujajazwa gizani.

Samaki asiyeweza kupata barafu na akaushwe. Sangala mkubwa hakauki akiwa mzima. Apasuliwe kwa mgongoni, afunuliwe bapa, nyama nene ichanjwe, apakwe chumvi. Kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki ni kipimo cha kawaida, na chumvi ya Uvinza haiko mbali. Dawa za kuua wadudu zisimguse kabisa, hata nzi wakizidi. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya habari za watu kutumia sumu katika uvuvi. Wavuvi maelfu ambao hawakuwahi kuishika chupa ya sumu walikosa soko pamoja na wachache waliofanya hivyo.

Mwisho ni habari ya samaki wenyewe kupungua. Tangu nyavu kubwa za kuzungushia zilipoletwa Bujumbura katika miaka ya 1950, sangala wakubwa wamepungua sana upande wa kaskazini wa ziwa, na aina zote tatu kubwa zimeandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Watoto wao hukulia kwenye majani ya maji ya ufukweni, na hiyo ndiyo sababu kokoro, linalokomba ufukwe, ni adui wa sangala hata kama mvutaji wake hatafuti sangala. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa zima ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Chama kilichokopa fedha kwa biashara ya samaki, kikapanga marejesho ya kila mwezi pasipo kufikiri kwamba miezi mitatu yaweza kupita bila samaki, hulipa deni hilo kwa fedha za hisa za wanachama.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi:

Chama chenu hupima samaki kabla ya kupasuliwa au baadaye, na bei yenu imewekwa kwa uzito upi? Ni nani aliyeshuhudia kipimo cha mwisho cha upungufu, na karatasi yake iko wapi? Mabondo, mayai na vichwa vimeandikwa katika daftari gani? Ziwa likifungwa tena kwa miezi mitatu, mshahara wa katibu na marejesho ya mkopo vitalipwa kwa fedha gani?