Kujumlisha na Kuzidisha

Vitu vikuavyo havikui vyote kwa njia moja. Viko viongezekavyo kwa kujumlishwa, na viko viongezekavyo kwa kuzidishwa. Asiyejua kuzipambanua njia hizi mbili aweza kupata hasara kubwa, na hasa katika mambo ya mikopo. Maana mwanzoni zafanana mno, na tofauti yake huonekana baadaye, wakati ambapo majuto hayafai kitu.

Kwanza, kuongezeka kwa kujumlisha. Mkulima mmoja ana minazi 20 katika shamba lake, naye hupanda miche 5 kila mwezi. Mwezi wa kwanza ukiisha atakuwa na minazi 25, wa pili 30, wa tatu 35, na wa nne 40. Hesabu zifuatanazo hivyo ni mfuatano wa kujumlisha, kwa sababu kila moja hupatikana kwa kuongeza kiasi kilekile juu ya ile iliyotangulia. Wala hapana haja ya kuhesabu mwezi kwa mwezi. Zidisha idadi ya miezi kwa 5, kisha ongeza 20. Kwa miezi 12 ni 60 na 20, yaani minazi 80. Hesabu hizi zikitiwa nukta juu ya karatasi ya miraba, miezi ikienda kulia na minazi ikipanda juu, nukta zote hukaa katika mstari mmoja ulionyoka kama uzi wa mwashi.

Pili, kuongezeka kwa kuzidisha. Iko hadithi ya zamani ya Bara Hindi, nayo imo katika kitabu cha Ibn Khallikan, mwandishi aliyefariki Damascus mwaka 1282. Hadithi yasema ya kwamba mwenye hekima mmoja, jina lake Sissa, alibuni mchezo wa sataranji. Mfalme akapendezwa sana, akamwambia, "Taja ujira uutakao, nawe utapewa."

Akajibu, "Ee bwana wangu, nipe punje moja ya ngano kwa chumba cha kwanza cha ubao, punje mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, na kila chumba kipate mara mbili ya kile kilichokitangulia, hata vyumba vyote 64 viishe."

Mfalme akastaajabu kwa kuwa ameombwa kitu kidogo. Na kweli, vyumba 8 vya safu ya kwanza vilitaka punje 255 tu, ambazo zaenea katika kiganja cha mkono. Lakini safu ya pili ilipokwisha, jumla ilikuwa punje 65,535. Na nusu ya ubao ilipokwisha, 4,294,967,295. Jumla ya ubao mzima ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Mavuno ya ngano ya dunia nzima ya siku hizi, yakikusanywa kwa miaka 500, hayafiki hesabu hiyo. Basi ghala za mfalme hazikuweza kulipa ahadi yake.

Kama Sissa angaliomba punje 1 kwa chumba cha kwanza, 2 kwa cha pili, 3 kwa cha tatu, na kuendelea hivyo mpaka 64, angalipata ngapi? Jumlisha ya kwanza na ya mwisho, 1 na 64, ni 65. Jumlisha ya pili na ile iliyo kabla ya mwisho, 2 na 63, ni 65 tena. Jozi za namna hii ziko 32, na 32 mara 65 ni 2,080. Hizo mtoto mdogo aweza kuzichukua katika mfuko wa nguo yake.

Sasa na tutazame mambo ya mkopo. Wavuvi wawili walitaka kununua nyavu, na kila mmoja alikopa shilingi 100. Wa kwanza alipatana na mkopeshaji wake kuongeza riba ya shilingi 10 kila mwezi. Wa pili alipatana na mkopeshaji mwingine kuongeza kila mwezi sehemu moja katika kumi ya deni lote lililopo. Mwisho wa mwezi wa kwanza wote wawili walidaiwa shilingi 110. Mwisho wa mwezi wa pili, wa kwanza alidaiwa shilingi 120, na mwenziwe 121. Yule wa pili akaona ya kuwa shilingi moja si neno, akakawia kulipa.

Lakini riba yake yenyewe ilikuwa ikizaa riba. Baada ya miezi 12 mvuvi wa kwanza alidaiwa shilingi 220, na wa pili 313 na senti 84. Baada ya miezi 24 wa kwanza alidaiwa shilingi 340, na wa pili 984 na senti 97, karibu mara kumi ya fedha aliyokopa. Deni la kwanza lilikwenda kwa mstari ulionyoka. La pili lilipinda na kupanda kama njia ya mlimani. Wazee husema, "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Basi njia ya kuzipambanua ni hii. Chukua kila hesabu, uitoe katika ile ifuatayo. Baki likiwa moja daima, mfuatano ni wa kujumlisha. Baki lisipokuwa moja, gawanya kila hesabu kwa ile iliyoitangulia. Jawabu likiwa moja daima, mfuatano ni wa kuzidisha. Mwenye akili hufanya hivyo kabla ya kutia mkono wake katika hati, wala hatazami mwezi wa kwanza peke yake.

Maswali

1. Mfuatano huu ni wa namna gani: 7, 11, 15, 19? Na huu: 5, 15, 45, 135?

2. Mtoto ana shilingi 3 katika kisanduku, naye hutia senti 50 kila juma. Baada ya majuma 20 atakuwa na shilingi ngapi?

3. Toa hesabu ya deni la kila mvuvi mwisho wa mwezi wa tano. Tofauti yake ni kiasi gani?