Mseto, Nusu Mkate na Maridhiano: Sitiari za Suluhu katika Kiswahili cha Siasa

Utangulizi

Mtaa wa Woodley, magharibi mwa jiji la Nairobi, unapakana na Kibera, na hapo mpakani lipo soko la Toi. Mzozo ulipozuka baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2007, soko hilo liliteketezwa. Mnamo Januari 2008, reli ipitayo Kibera kuelekea Uganda iling'olewa, huku barabara kuu ya magharibi mwa nchi ikifungwa kwa mawe na magogo. Shehena kutoka bandari ya Mombasa zilikwama, na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda. Hapo ndipo ilipobainika kuwa utawala ukiyumba katika nchi moja, jirani naye hana usalama. Wahenga hawakukosea waliponena: mwenzako akinyolewa, chako tia maji.

Makala haya yanachunguza maneno ya Kiswahili yaliyotumiwa kuitaja suluhu ya mzozo huo, na kuyalinganisha na yale ya Zanzibar. Tunadai kuwa maneno hayo hayakuipa suluhu jina tu, bali pia yaliwaelekeza wananchi kuiona sehemu moja ya mapatano na kuisahau nyingine.

Mapatano ya 2008 na lugha ya jikoni

Upatanishi uliongozwa na Kofi Annan, akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, Rais mstaafu wa Tanzania. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba nje ya Harambee House, mbele ya Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Kufikia wakati huo watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamefariki, na maelfu wengine wamekimbilia Uganda.

Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, lakini wananchi waliupokea kwa Kiswahili cha jikoni: "serikali ya mseto" na "nusu mkate". Lakoff na Johnson (1980) wanashikilia kuwa sitiari si pambo la lugha tu, bali ni njia ya kufikiri. Kwa msingi huo, sitiari hizi mbili zinapingana. Mseto unatokana na kitenzi "seta", yaani kuponda. Ni chakula ambamo mchele na choroko hupikwa pamoja hadi visitenganike. Mkate, kinyume chake, hukatwa, na kila mmoja akashika kipande chake. Neno la kwanza liliahidi umoja, ilhali la pili lilikiri mgawanyo. Baraza la mawaziri 40 lililoundwa Aprili 2008 lilifanana zaidi na mkate.

Hata hivyo, sitiari zote mbili zinaafikiana katika jambo moja: zinawazungumzia walao. Mazungumzo yalikuwa na ajenda nne. Ya tatu ilihusu kugawana mamlaka, na ya nne ilihusu ardhi, ukosefu wa ajira, marekebisho ya katiba na tabia ya wakosaji kutoadhibiwa. Ajenda ya tatu ilipata majina mawili matamu. Ya nne ilibaki kuitwa kwa nambari yake, "Ajenda ya Nne". Ni kweli kwamba katiba mpya ilipatikana mwaka 2010. Lakini kesi za Wakenya sita katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikoma kufikia 2016 bila yeyote kati yao kutiwa hatiani kwa ghasia hizo. Jambo lisilo na jina midomoni mwa watu ni rahisi kuahirishwa.

Mwafaka na maridhiano

Zanzibar ilikuwa imetangulia katika safari hii. Baada ya mauaji ya Januari 2001, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Chama Cha Mapinduzi na Chama cha Wananchi, vilivyokuwa vimefikia mwafaka wa kwanza mwaka 1999, vilitia saini wa pili Oktoba 2001. Mwafaka, neno lenye asili ya Kiarabu, ni makubaliano yaliyofikiwa. Mwaka 2009 Amani Karume na Seif Sharif Hamad walianzisha "maridhiano". Neno hili limenyambuliwa: ridhia, ridhiana, maridhiano. Kauli ya kutendana inadai pande mbili na nyoyo mbili. Zaidi ya hayo, wananchi waliulizwa ridhaa yao katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, kabla ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa kuundwa.

Hitimisho

Hatusemi kuwa neno zuri huleta amani. Zanzibar yenyewe iliona uchaguzi wa 2015 ukifutwa. Wala hatuwabezi waliokubali nusu mkate. Nusu shari kuliko shari kamili. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuyahoji maneno haya yanapozaliwa. Kenya imepata mengine tangu hapo: "handisheki" ya tarehe 9 Machi 2018 na "serikali jumuishi" ya 2024. Kila linapokuja jipya, tuulize swali la kisarufi ambalo pia ni la haki: mtenda ni nani, na mtendwa ni nani? Katika mseto na katika nusu mkate, mchuuzi wa Toi aliyeunguliwa na kibanda hakuwa mtenda wala mtendwa. Hakutajwa kamwe.