Je, sindano za uzazi ziliniharibu?

Swali: Daktari, nimeolewa miaka mitatu hapa Malava, Kabras, na sijashika mimba. Hedhi hupotea hata miezi miwili. Mama mkwe anasema ni sindano za kupanga uzazi nilizodungwa kabla ya ndoa. Ni kweli?

Jibu: Dada, usibebe lawama hiyo. Sindano huweza kuchelewesha mimba miezi kadhaa, pengine mwaka, lakini haiui kizazi. Hedhi inayoruka huashiria kwamba yai halikomai kila mwezi. Mara nyingi homoni zimevurugika.

Ninachohofia zaidi ni mirija ya uzazi iliyoziba, sababu kubwa ya utasa Afrika. Klamidia na kisonono huiharibu kimyakimya, mwanamke asisikie maumivu yoyote. Maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika hufanya vivyo hivyo. Mitishamba haiizibui. Uvimbe wa kizazi nao upo, ila si kila uvimbe huzuia mimba.

Na mumeo je? Kwa karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanamume pia, au kwake pekee. Kupima mbegu zake ni rahisi kuliko vipimo vyako vyote. Nendeni pamoja hospitali ya Malava. Mkihitaji eksirei ya mirija, ombeni rufaa ya Kakamega. Beba tarehe za hedhi zako zote unazokumbuka.